Dakika Arobaini na Moja

Inspekta alikuwa amebakiwa na saa ishirini na sita. Zikiisha, ama amfikishe mahakamani yule mwanamume aliye mahabusu kwa tuhuma za kumuua shemeji yake, ama amfungulie mlango aende zake.

Mjane wa marehemu alikuwa ameketi kwenye benchi la korido tangu ofisi ilipofunguliwa. Alisimama Inspekta alipotokea.

"Afande, aliyekufa ni mume wangu. Mliyemfungia ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja. Mawifi zangu wameniambia nisikanyage msibani mpaka nimkane. Nimkane vipi mtu ambaye sijui kama amekosa?"

"Nipe mpaka kesho, mama."

"Kesho saa kumi wanazika."

Inspekta alimwomba akae, akaingia ofisini, akafungua jalada ambalo tayari alikuwa amelisoma mara nne.

Marehemu alikuwa fundi wa maboya, yale yanayoelea baharini na taa zake kuonyesha meli njia ya kuingia bandarini. Jumanne asubuhi, katika ukungu mzito, alitoka na mashua ya injini pamoja na shemeji yake kwenda kutengeneza taa ya boya la tatu. Shemeji alirudi peke yake, akiogelea. Mwili wa fundi ulipatikana mchana, mguu umevunjika, na mashua imepinduka, ubavu mmoja umepasuka. Siku moja kabla, Jumatatu, watu kumi walikuwa wamewasikia wawili hao wakigombana kwa sauti juu ya injini ya mashua ile.

Shemeji alisema waligongwa na meli asiyoiona jina. Lakini bandari ilikuwa imefungwa kwa sababu ya ukungu, na kitabu cha bandari kilionyesha kwamba vyombo vyote vitano vilikuwa gatini mpaka saa tano. Mbaya zaidi, maelezo yake yalijichanganya. Ukurasa wa pili alisema meli ilipita ikielekea baharini. Ukurasa wa tatu alisema ilipita ikirudi bandarini. Mkuu wa kituo alipigia mstari mwekundu sehemu zote mbili na kuandika pembeni: *Mwongo hana kumbukumbu.*

"Twende rasini," Inspekta alimwambia koplo wake, mwanamke aliyefundisha hesabu miaka tisa kabla ya kuvaa sare, ambaye kituo kizima kilimwita Mwalimu. "Pale kuna mlinzi. Labda alisikia kitu."

Kituo cha kupimia hewa kilikuwa konteina jeupe kwenye ncha ya rasi, bahari pande tatu. Juu yake ulisimama mlingoti wa chuma wenye mirija iliyoteremka mpaka ndani. Mlinzi alikuwa mtu mzima mwenye daftari mkononi, na aliwaandikisha majina, saa na namba ya gari kabla hajakubali kujibu chochote.

"Sikusikia kitu, Afande. Hapa hata ukipiga bunduki mlangoni sisikii. Hizo pampu zinakoroma kutwa kucha. Muulize Daktari."

"Yuko wapi?"

Mlinzi alionyesha juu. Mwanamke mmoja alikuwa amejifunga mkanda kwenye mlingoti, mita kumi kutoka chini, akibadilisha kichujio kwenye mdomo wa mrija.

"Nipeni dakika tano," alisema bila kugeuka. "Nikishuka sasa nitaharibu kipimo cha saa hii."

Zilikuwa kumi na moja. Alishuka taratibu, akaandika kitu kwenye daftari, ndipo akawasalimia. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kidogo, viganja vimekakamaa kama vya seremala. Ndani ya konteina kulikuwa na baridi ya kiyoyozi, mashine sita zilizopangwa kwenye rafu, skrini mbili na kiti kimoja, ambacho Mwalimu alipewa.

"Unapima nini hapa?" Inspekta aliuliza.

"Gesi tendaji. Zile zisizotulia. Ukizitia kwenye chupa ukazipeleka mjini, ukifika zimeshageuka kitu kingine, kwa hiyo inabidi nikae nazo hapa hapa. Vijimea vidogo vya baharini hutoa gesi zinazokula ozoni. Nataka kujua zinakula kiasi gani hewa ikiwa safi, imetoka bahari kuu."

"Wewe ni mwanafunzi wa chuo?"

"Udaktari nilimaliza miaka mitatu iliyopita. Huu ni utafiti wa baada ya udaktari. Mama yangu naye hunipigia kila Jumapili kuniuliza shule inafungwa lini."

Mwalimu alicheka. Inspekta alieleza kilichowaleta. Alipotaja Jumanne na ukungu, Daktari aliacha kutabasamu.

"Saa ngapi?"

"Marehemu na shemeji yake walifika kwenye boya karibu na saa tatu."

Daktari alichukua daftari lingine, akafunua, akampa Inspekta. Mwandiko ulikuwa mdogo na wima. *Jumanne. 3:15. Moshi wa injini, meli? Ratiba haina meli. Ondoa.* Na chini yake: *3:56. Tena. Ondoa.*

"Uliiona meli?"

"Sikuona hata mlingoti wangu, kwa ukungu ule. Niliuona moshi." Aligeuza skrini. Mstari wa buluu ulikwenda ukiwa karibu umenyooka, kisha ukatumbukia ghafla kama uliokanyaga shimo, ukapanda tena. Mstari mwekundu chini yake uliruka juu mahali pale pale. "Huu wa buluu ni ozoni. Moshi wa injini una gesi moja inayoimaliza ozoni kwa sekunde chache. Moshi ukipita juu ya mrija, buluu inaanguka na nyekundu inapanda. Kwangu mimi ni uchafu. Nauondoa, nauweka kwenye faili la takataka."

"Na jenereta yako? Haina moshi?"

"Inao, na imeshanidanganya mara mbili mwezi wa kwanza. Iko upande wa nchi kavu. Jumanne asubuhi upepo ulitoka baharini, mita nne kwa sekunde, haukubadilika hata mara moja. Tazama mshale huu. Moshi wa jenereta ungelazimika kutembea kinyume na upepo. Halafu hii hapa." Aligusa mstari wa tatu, wa kijani. "Ni gesi ya salfa. Dizeli ya jenereta haina salfa ya kutosha kuonekana hapa. Huyu aliyepita ana salfa tele. Anachoma mafuta mazito."

Inspekta alikuwa amehoji watu kwa miaka ishirini na saba. Alirudi kwenye jambo alilokuwa akianza nalo kwa kila shahidi.

"Saa ya mashine yako ni sahihi?"

"Hapana. Iko mbele kwa dakika nne. Naipima kila Jumatatu na kuandika, ipo ukurasa wa mwisho. Kwa hiyo si saa tatu na dakika kumi na tano, ni na kumi na moja. Na kutoka njia ya meli mpaka hapa, kwa upepo ule, moshi unahitaji kama dakika kumi. Meli ilipita karibu na boya la tatu kwenye saa tatu na dakika moja. Naweza kukosea kwa dakika mbili, si zaidi."

Inspekta aliiandika saa hiyo. Katika miaka yote ile, hakuna shahidi aliyewahi kumwambia kwamba saa yake ni mbovu, achilia mbali kumwonyesha imeandikwa wapi.

Mwalimu alikuwa bado anaitazama skrini. "Afande, ziko mbili. Ilipita mara mbili."

Inspekta alitoa nakala ya maelezo ya mtuhumiwa kwenye mkoba. Ukurasa wa pili, ikielekea baharini. Ukurasa wa tatu, ikirudi. Aliiweka juu ya meza, mistari myekundu ya mkuu wa kituo ikitazama juu.

"Hakujichanganya," alisema.

"Kutoka moshi wa kwanza mpaka wa pili ni dakika arobaini na moja," Daktari alisema. Kisha akakunja uso. "Hii si kawaida yake."

"Kawaida ya nani?"

"Subirini." Alifungua faili la takataka. Alitafuta kwa muda mrefu, akilinganisha tarehe na daftari la mlinzi, ambalo lilikuwa na safu ya ukungu kwa kuwa yeye ndiye aliyemfundisha kuiandika. "Nimeutupa moshi wa namna hii mara sita kabla ya Jumanne. Kila mara siku ya ukungu. Kila mara miwili miwili. Lakini siku hizo sita, kati ya wa kwanza na wa pili zilipita saa tatu. Siku moja tatu na robo."

"Siku za ukungu bandari hufungwa," Mwalimu alisema polepole. "Kuna chombo kinachotoka wakati hakuna anayeweza kukiona. Kinafanya kazi kwa saa tatu, kinarudi."

"Na Jumanne kilirudi bila kufanya kazi," Inspekta alisema. "Kuna kitu kilikigeuza."

Daktari alikaa kwenye ukingo wa meza.

"Mimi nilikuwa humu," alisema. "Nilikuwa nimekaa hapa, natazama mstari huu unaanguka. Nilikasirika kwamba wamenichafulia hewa."

"Ungejuaje?"

Daktari alichomeka kifaa cha kuhifadhia kwenye kompyuta na kuanza kunakili.

"Nikuambie ukweli," Inspekta alisema. "Unaweza kukataa. Nikienda kuomba hati ya mahakama itachukua siku tatu."

"Data haijachapishwa. Mkuu wangu wa utafiti atanijia juu, na ana haki. Miezi kumi na minne ya kazi imo humu." Aliendelea kunakili. "Lakini wewe huna siku tatu."

Inspekta alimtazama jinsi alivyoziandika lebo: tarehe, namba ya mashine, saa imezidi dakika nne. Hakuruka hata moja.

"Swali la mwisho. Unaweza kusema ni meli ipi?"

"Siwezi. Naweza kusema inakunywa nini. Nikigawanya salfa kwa hewa ya ukaa iliyomo kwenye moshi ule ule, napata kiasi cha salfa kilichokuwa kwenye mafuta." Alianza kukokotoa.

"Usiniambie," Inspekta alisema. "Andika kwenye karatasi, weka saini na saa, tia kwenye bahasha uifunge. Mlinzi aweke saini mgongoni. Sitaki kuijua kabla sijapata mafuta yenyewe."

Daktari alimtazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayemtazama mwenzake wa kazi. "Hivyo ndivyo na sisi tunavyofanya," alisema.

Saa saba mchana walikuwa bandarini. Karani wa ofisi ya bandari aliapa kwamba kitabu chake hakina dosari. Inspekta alimuuliza alijazaje safu ya Jumanne kama dirisha lake lilionyesha ukungu mtupu.

"Manahodha hunipigia simu. Wakisema wapo gatini, naandika wapo gatini."

"Kwa hiyo hiki si kitabu cha bandari. Ni kitabu cha maneno ya manahodha."

Karani alikifunga polepole.

Inspekta mwenyewe alikuwa na dhana yake tangu Jumatano, na ilielekea kwenye tagi, ile meli ndogo ya kuvuta nyingine. Nahodha wa tagi hiyo hakupatana na marehemu, na mlinzi wa lango alisema injini yake ilikuwa ikinguruma Jumanne asubuhi. Alianza huko. Kila chombo kinapopakia mafuta hutakiwa kuhifadhi chupa moja ya mafuta hayo, imefungwa kwa lakiri. Nahodha wa tagi aliitoa chupa yake huku akinung'unika kwamba injini aliiwasha ili kuchaji betri. Mafuta yalikuwa mepesi, ya rangi ya chai.

Chupa nne walizipata kwa nusu saa. Ya tano ilikuwa ya meli ya mchanga, ile inayofyonza mchanga chini ya bahari na kuupeleka kwa wajenzi, iliyofungwa kwenye gati ya peke yake nyuma ya maghala. Nahodha wake, mtu mnene mwenye sauti ya upole, aliwakaribisha vizuri mno. Chupa haikuonekana mpaka Mwalimu alipoikuta kwenye kabati la vyombo, nyuma ya birika. Mafuta yake yalikuwa meusi kama lami. Wakati wa kushuka, Inspekta alipita mbele ya meli na kutazama juu. Omo lote lilikuwa na kutu, isipokuwa kipande cha mita mbili kilichong'aa kwa rangi mpya.

Maabara ya bohari ya mafuta ilitoa majibu saa kumi na moja. Salfa ilikuwa chini ya nusu asilimia katika vyombo vinne, tagi ikiwemo. Cha tano kilikuwa na asilimia mbili nukta nne.

Inspekta alifungua bahasha mbele ya mkuu wa maabara. Mwandiko mdogo na wima ulisema: *Mbili nukta tatu. Naweza kukosea kwa nukta tatu juu au chini.*

Mkuu wa maabara aliisoma mara mbili. "Huyu alipima mafuta yapi?"

"Hakupima mafuta," Inspekta alisema. "Alinusa moshi, kilomita mbili na nusu kutoka meli."

"Ningependa kukutana naye."

Nahodha wa meli ya mchanga alihojiwa kwenye chumba chake cha kulia, fundi wake wa injini akiwa amesimama mlangoni na tambaa la mafuta mkononi.

"Jumanne asubuhi ulikuwa wapi?"

"Gatini, Inspekta. Angalia kitabu."

"Nimekiangalia. Ni wewe uliyekiandika, kwa simu. Rangi ya omo mmepaka lini?"

"Matengenezo ya kawaida."

"Lini?"

"Jumatano."

Inspekta aliweka mezani karatasi moja. Mwalimu alikuwa ameichora kwa rula: siku saba, kila siku na alama mbili.

"Hizi ni siku saba za ukungu ulizokwenda kufyonza mchanga kwenye eneo la maboya, mahali palipokatazwa. Sina haja ya kubishana juu ya hizo sita. Zote ulikaa saa tatu. Hii ya saba ulikaa dakika arobaini na moja. Nieleze kitu kimoja tu, Nahodha. Ni nini kilikurudisha?"

Nahodha aliitazama karatasi. "Nani kasema nilitoka? Hakuna mtu aliyeniona."

"Kweli. Hakuna aliyekuona."

"Basi."

"Mwambie," alisema fundi wa injini kutoka mlangoni.

Nahodha hakugeuka.

"Nilikuwa chini na nilisikia kishindo," fundi wa injini aliendelea, akimtazama Inspekta sasa. "Nilipanda juu kumuuliza. Akasema tumegonga gogo. Tukasimama. Tukasubiri. Nikasema tushushe mashua tuangalie, akasema tukionekana hapa leseni imekwenda. Halafu akageuza. Mimi ndiye niliyeendesha injini, Afande. Usinitoe mimi humo."

Mwalimu aliandika kila neno, akamsomea, akampa kalamu. Nahodha alifungwa pingu saa kumi na mbili na robo. Dakika kumi baadaye mahabusu alitolewa, na dada yake alikuwa bado kwenye benchi lile lile. Inspekta hakubaki kuwaangalia. Alikwenda kwa mkuu wa kituo, akaweka jalada mbele yake likiwa wazi kwenye ule ukurasa wa tatu, akatoka.

Siku iliyofuata, mawifi wenyewe walimfuata mjane nyumbani kwake wakampeleka msibani. Shemeji alilibeba jeneza upande wa mbele.

Jumamosi Inspekta alikwenda rasini kuchukua saini ya mwisho ya Daktari, na dada na mdogo wake wakaomba kwenda naye. Shemeji alitaka kumwona mtu aliyemtoa. Alikuwa mrefu, mwenye aibu, na alisimama mlangoni mwa konteina bila kujua aweke wapi mikono.

"Daktari, sijui nikushukuru vipi. Niliambiwa kuna mashine iliyoona."

"Haikuona. Ilionja tu," Daktari alisema. "Wewe ndiye uliyesema ukweli. Mimi nilikuwa nimeutupa."

"Lakini hukuuchoma," Inspekta alisema. "Watu wengi huchoma."

Daktari aliwaonyesha ile Jumanne: shimo la kwanza la mstari wa buluu, shimo la pili, na kipande kilichonyooka katikati. Shemeji aliinama. Alinyoosha kidole, akakiweka juu ya kile kipande kilichonyooka.

"Hapa alikuwa hai," alisema.

Dada yake alisogea karibu.

"Tulikuwa tumeshika mashua, mimi huku, yeye kule. Mguu wake ulikuwa umevunjika lakini alikuwa anaongea. Tukasikia injini inarudi. Akasema, wametuona, hao wanakuja. Alikuwa anacheka. Tukapiga kelele. Ikapita." Kidole kilifika kwenye shimo la pili, kikasimama. "Ilipokwisha kupita akaniambia niogelee. Nilikataa. Akasema mmoja wetu ana miguu, na aende kwa mke wangu. Nilikwenda. Niligeuka mara mbili kumwangalia. Mara ya pili ukungu ulikuwa umemfunika."

Mjane alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Mbona hili halimo kwenye maelezo yako?" aliuliza. "Siku tatu walikuuliza. Mbona hukuwaambia?"

"Alinituma kwako, dada," alisema mdogo wake. "Hakunituma kwao."

Daktari aliinuka kwenye kiti chake, kile kimoja kilichokuwamo, akamwekea mjane nyuma ya magoti. Mjane akakaa mbele ya skrini, na wote wakamwacha atazame.